Kuba la shaba kwenye Minecraft: pa kuichimba, namna ya kuikata, na kwa nini haigeuki kijani kwa pamoja

Assalaam alaykum ndugu yangu wa Malindi. Nimelisoma swali lako na majibu uliyokwisha kupewa. Unajenga msikiti kwenye Minecraft, ule mchezo wa kujenga kwa bloki, katika dunia ya Survival ambamo kila kitu unakitafuta mwenyewe, unataka kuba la shaba lililokwisha kuwa kijani, na umekwama. Shaba imekuishia kabla kuba halijafika nusu, hujui wapi pa kuipata kwa wingi, na ile uliyokwisha kuiweka imekuwa madoadoa, huku kijani, huku bado rangi ya machungwa. Mmoja amekwambia shaba haina kazi, utafute almasi. Mwingine amekwambia uhamishie msikiti ufuoni, maji ya chumvi yataharakisha kutu. Wote wawili siwaungi mkono, na kwa kuwa shaba ndiyo ninayoichimba kuliko madini mengine yote, nitakujibu kwa kirefu.

Mimi nachezea kwenye simu pamoja na wapwa zangu, hapa Lamu, Langoni. Dunia yetu ni moja na tunajenga mji ndani yake: gati, vichochoro, nyumba za ghorofa zenye daka na kiwanda. Almasi tunazo za kututosha. Almasi ukishapata za sururu, shoka na mavazi, umekwisha shughuli nayo kwa muda mrefu. Shaba haikwishi kutakiwa, kwa sababu ni kitu cha kujengea. Halafu, sisi watu wa pwani ndio wa mwisho kusema shaba haina thamani. Siwa ya Pate, lile baragumu la sherehe, ni ya pembe za ndovu, siwa ya Lamu ni ya shaba, na dele la kahawa linalopita barazani jioni ni la shaba. Kwa hiyo usiitupe hata kidogo.

Tuanze na kuipata. Hakikisha kwanza ardhi unayoichimba ina shaba. Shaba iliingia kwenye mchezo na toleo la 1.17, Juni 2021, na mpangilio wa madini tulio nao sasa ukaja na 1.18, mwisho wa Novemba mwaka huohuo. Kama dunia yako ni ya kabla ya hapo, sehemu ulizokwisha kuzitembea haziongezewi shaba kwenye mawe yake ya zamani. Utachimba chini ya nyumba yako mpaka uchoke. Dawa ni kusafiri hadi mahali ambapo hujafika kabisa, ardhi mpya ijitengeneze mbele yako, ndipo ushuke chini.

Pili, kina. Kimo cha mahali ulipo mchezo unakiita Y. Shaba inapatikana kuanzia Y 112 hadi Y -16, na ni nyingi zaidi Y 48. Hapo ndipo watu wengi wanapoikosa. Wanateremka moja kwa moja kwenda kutafuta almasi, ambazo zinaanza Y 16 na kuongezeka kadiri unavyoelekea -64, na kule chini shaba wamekwisha kuiacha juu ya vichwa vyao. Usawa wa bahari ni kama Y 62, kwa hiyo 48 si mbali hata kidogo. Kwenye simu, ingia mipangilio ya dunia uwashe koordineti, yaani namba za mahali ulipo. Zitatokea namba tatu, na ya katikati ndiyo Y. Uzuri wa kina hicho ni kwamba makaa ya mawe nayo yapo, maana huanzia Y 0 kwenda juu, kwa hiyo cha kuchoma na cha kuchomea vinatoka kwenye shimo moja.

Tena huna haja ya kuchimba njia ndefu gizani kama wafanyavyo wa almasi. Almasi nyingi hufichwa ndani ya mwamba zisitokeze kwenye uwazi wa pango. Shaba haifichwi namna hiyo. Ingia mapangoni, tembea, utaiona ukutani na vidoadoa vyake vya machungwa na kijani. Ukibahatika kuingia kwenye mapango yenye mawe ya ncha, yale yanayoning'inia darini na kuota sakafuni, kaa humo. Mafungu ya shaba huko ni makubwa kuliko ya kwingine.

Lakini hazina yenyewe ni mshipa, na hapa naomba unisome polepole. Kati ya Y 0 na Y 50 kuna mishipa mirefu ya shaba, adimu, inayojinyonga ndani ya mwamba. Wetu wa kwanza aliuona mpwa wangu mkubwa wakati akipanua ghala. Alikuwa akivunja jiwe la kijivu la kawaida, ghafla ukuta mzima ukawa itale, lile jiwe la rangi ya waridi iliyofifia, na shaba imo ndani yake. Halikuwa fungu la kuvunja mara moja ukamaliza. Ilikuwa shaba, itale, shaba tena, itale, ikipanda na kuingia upande wa kushoto mpaka mwanga wa mwenge ukaishia. Mle katikati mkawa na bloki nzima za shaba ghafi, nyekundu ya machungwa, kila moja sawa na vipande tisa. Akaniita kwa sauti iliyomtoa bibi yake jikoni.

Itale peke yake isikudanganye. Imetapakaa kila mahali na mara nyingi haina kitu ndani. Dalili ya mshipa ni itale na shaba zilizochanganyika, na zikaendelea. Ukishaiona, usiikimbilie shaba peke yake ukaacha itale imesimama, kwa sababu nyuma ya itale ndiko mshipa unakoendelea. Vunja vyote, fuata upana wote. Unapodhani umefika mwisho, toboa bloki mbili tatu kila upande, juu na chini pia, kabla hujaondoka. Mshipa hupinda. Na weka mienge kadiri unavyosonga, kwa sababu pango utakalolifungua mwenyewe ndilo litakalozaa mazimwi nyuma ya mgongo wako.

Sururu ya mawe inatosha kuchimba shaba. Ya mbao itavunja na hutapata kitu. Kila bloki ya madini inatoa vipande 2 hadi 5 vya shaba ghafi, lakini ukiwa na sururu yenye Fortune III, uchawi wa kuongeza mavuno, wastani unapanda zaidi ya maradufu, na bloki moja inaweza kukupa hadi vipande 20. Kama umeuona mshipa na hiyo sururu huna, ushauri wangu ni usubiri. Zungushia alama, andika koordineti, urudi ukishaipata. Bloki za shaba ghafi zenyewe Fortune haiziongezi, hizo chukua wakati wowote. Mizigo ikijaa, funga vipande tisa viwe bloki moja hapohapo shimoni, nafasi itarudi.

Kuyeyusha sitakusemesha sana. Tanuri la kawaida linachukua sekunde 10 kwa kipande, na lile tanuri la kuyeyushia madini tu sekunde 5. Kipande cha makaa kinachoma vitu 8. Ukikaa karibu na bahari vuna mwani, ukaushe, ufunge bloki. Bloki moja ya mwani mkavu inachoma vitu 20, na mwani unaota wenyewe, kwa hiyo makaa yako yanabaki kwa ajili ya mienge.

Sasa sababu hasa ya shaba kukuishia. Kwa maelezo yako, unajengea bloki nzima za shaba. Bloki moja nzima ni ingoti 9, yaani vipande tisa vya shaba iliyoyeyushwa. Ukuta au paa la bloki 64 linakula ingoti 576, na bila Fortune hizo ni zaidi ya bloki 160 za madini. Badala yake tengeneza ile mashine ya kukatia mawe: ingoti moja ya chuma na mawe matatu ya kawaida (Stone), yale yanayotoka tanurini ukichoma Cobblestone. Weka bloki moja ya shaba kwenye mashine, itakupa bloki nne za shaba iliyokatwa. Nne kwa moja! Bloki 64 za shaba iliyokatwa zinatoka kwenye ingoti 144 tu. Ukitaka ngazi, bloki moja inatoa nne. Vibao vya nusu, inatoa vinane. Usikatie kwenye meza ya kawaida ya kutengenezea, kwa sababu hapo bloki nne za shaba zinarudi nne zilezile na hukupata faida yoyote.

Na shaba iwe ngozi ya nje tu. Mafundi wetu wa zamani wa nyumba za mawe walitia jiwe gumu la nchi kavu mwilini mwa ukuta, tumbawe laini la baharini wakaliweka kwenye kibla na zidaka, pale jicho linapotua. Kuba lako lifanye vivyo hivyo. Ndani jenga kwa jiwe lolote ulilo nalo kwa wingi, juu yake uvike shaba.

Tuje kwenye madoadoa, ambayo naona ndiyo yanayokuuma zaidi.

Shaba ina hatua nne. Kwanza machungwa inayong'aa, kisha inachujuka kuwa hudhurungi, kisha kijani chenye mabaka, mwisho kijani-samawati kamili. Kila bloki hupanda hatua kwa bahati nasibu, lakini kuna kanuni inayoiongoza bahati hiyo. Bloki haisogei hatua ya mbele ikiwa ndani ya umbali wa bloki nne kuizunguka kuna bloki nyingine ya shaba yenye kutu kidogo kuliko yake. Na ikiwa imezungukwa na shaba nyingi za umri wake, nazo huipunguzia kasi. Umbali huo uhesabu kwa kwenda mbele, pembeni, juu na chini, usihesabu mshazari.

Sasa litazame kuba lako. Umejenga chini, ukaenda kuchimba, ukarudi ukaongeza safu, ukaenda tena. Kila ulipoweka shaba mpya, zile za zamani zilizo jirani zikasimama kuisubiri. Ndiyo maana safu ya chini imekwama nusu kijani na juu ni machungwa. Habari njema ni kwamba ukiacha kuongeza, zilizo nyuma zitawafikia wenzao, kisha zote zitaendelea. Litakuwa sawasawa, ila kwa taratibu mno, kwa sababu kuba ni shaba iliyosongamana.

Kuhusu bahari. Naelewa ushauri ule ulitoka wapi. Sisi tunaoishi mbele ya maji tunajua chumvi inavyokula bati, misumari na bawaba za dirisha. Lakini mchezo hauhesabu mvua, wala maji, wala chumvi. Shaba iliyo ufuoni na shaba iliyo jangwani zinazeeka kwa kanuni ileile. Msikiti wako uache ulipo.

Kinachohesabiwa ni wewe kuwa karibu. Mchezo huendesha chanki chache tu kukuzunguka (chanki moja ni bloki 16 kwa 16), na nje ya hapo kila kitu kimesimama. Kama kuba liko hapa na wewe unashinda unachimba mbali, lile kuba linakusubiri na halizeeki hata kidogo.

Kwa hiyo njia ninayokupendekezea, na ndiyo tunayotumia sisi, ni kuizeesha shaba kabla hujaijengea. Tafuta uwanja karibu na pale unapofanya kazi siku zote, shambani au kwenye matanuri. Panga bloki nzima za shaba, kila moja peke yake, ukiacha nafasi ya bloki nne wazi kati ya moja na nyingine. Hapo hakuna inayomsubiri mwenzake wala kupunguziwa kasi. Endelea na shughuli zako. Kila moja ikifika kijani kamili, ivunje kwa sururu, itabaki na rangi yake, weka nyingine mpya mahali pake. Halafu ndiyo unaipeleka kwenye mashine ya kukatia. Bloki ya kijani ikikatwa inatoa bloki nne za kijani. Umeizeesha moja, umepata nne. Wapwa zangu wanaliita shamba la kutu na wanaligombania, kila mmoja ana safu zake anazozikagua.

Na kama kuna bloki kwenye kuba ambazo ni za machungwa tangu mwanzo na hazijabadilika kabisa, huenda zimepakwa nta. Ukibonyeza sega la asali kwenye shaba, unaipaka nta na haizeeki tena. Kwenye simu kidole huteleza, hasa ukiwa na watoto wanaoshika simu kwa zamu. Piga shoka mara moja, nta inatoka. Usipige mara ya pili, kwa sababu shoka la pili linakwangua kutu na kuirudisha bloki hatua moja nyuma.

Nta yenyewe wewe hasa huihitaji sana, kwa sababu kijani kamili ndiyo hatua ya mwisho na haina pa kwenda tena. Inahitajika kwa anayetaka hatua za kati. Sisi milango na taa tumeziacha kwenye hudhurungi, maana inakaa vizuri na kuta nyeupe. Sega linapatikana kwa kukata mzinga uliojaa asali kwa mkasi, unapata matatu, na washa moto wa kambi chini ya mzinga ili nyuki watulie moshini. Paka nta bloki nzima kabla ya kuikata: sega moja kwa bloki moja, kisha mashine inakupa nne ambazo tayari zina nta.

Ukiacha shoka, kinachoweza kuiharibu rangi ya kuba la kijani lisilo na nta ni radi. Ikipiga shaba, inaisafisha, na utaamka na baka la machungwa kileleni. Tengeneza kinga-radi kwa ingoti 3 za shaba. Kwenye simu inavuta radi hadi umbali wa bloki 64, kwenye toleo la Java la kompyuta hadi 128. Isiwe na kitu juu yake. Na tafadhali usiisimike juu ya kuba lenyewe kama nilivyoona kwenye picha yako, ingawa inapendeza pale. Radi ikiingia kwenye kinga iliyokaa juu ya shaba, ile shaba ya chini yake nayo inasafishwa. Isimike kwenye mnara wa mawe, pembeni, isigusane na shaba popote. Ukiwa na mapaa ya mbao mtaani utayaokoa na moto pia.

Umegusia pia kwamba makasha yako yamevurugika, shaba ghafi imechanganyika na mawe na mbegu. Kama umesasisha mchezo baada ya mwisho wa Septemba 2025, lilipotoka toleo la enzi ya shaba, weka boga lililochongwa juu ya bloki ya shaba. Utapata goleme mdogo wa shaba pamoja na kasha la shaba. Tupa mizigo yako yote kwenye kasha hilo, yeye atatoa na kupeleka kwenye makasha ya mbao yenye vitu vya aina hiyohiyo. Naye anaota kutu kama shaba nyingine na mwisho husimama kuwa sanamu. Mpake nta mapema, atafanya kazi daima. Toleo hilohilo limeleta sururu na mavazi ya shaba. Sururu yake ni nzuri kuliko ya mawe kwa mtu anayeanza, lakini almasi na dhahabu haizivunji, hilo ulijue kabla hujateremka nayo.

Upande wa umbo la kuba, anza na duara la chini kwa bloki kamili za shaba iliyokatwa. Mteremko unapoanza kulala tumia ngazi, na kileleni, pale linapokaribia kuwa bapa, tumia vibao vya nusu. Ukifanya hivyo mviringo hautakuwa na meno makubwa yanayoonekana ukiwa barabarani. Kama msikiti wenyewe unaufanya kwa mtindo wa zamani wa huku kwetu, kama ule wa Gede hapo jirani yako, ujue paa lake lilikuwa bapa, la chokaa na mawe juu ya boriti, na kuba hutalikuta. Kilwa ndiko kwenye makuba ya kale. Msikiti ni wako, lakini ukitaka vyote viwili, paa bapa pande zote na kuba dogo juu ya kibla linapendeza, na shaba uliyo nayo sasa ikikatwa vizuri italimaliza. Niandikie upana wa jengo kwa bloki na toleo unalochezea, nikupangie duara safu kwa safu.